Sura ya 6: Ndani ya 170,070

Kibera ina watu wangapi? Swali hili huulizwa na mgeni anayeshuka kwenye matatu kwa mara ya kwanza, huulizwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuja na fomu zake za utafiti, na wenyeji wenyewe huulizana, hasa msimu wa kampeni. Kwa miaka mingi jibu lililozoeleka lilikuwa milioni moja. Wengine walitaja elfu mia saba, wengine wakapanda hadi milioni moja na elfu mia mbili. Magazeti yaliandika, mashirika yakanakili, na nambari ikazunguka dunia.

Kisha, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2009, Kenya ikahesabu watu wake. Matokeo yalipotolewa mwaka uliofuata, Kibera ilikuwa na watu 170,070.

Ubishi ulioanza siku hiyo haujaisha. Wapo waliosema makarani wa sensa hawakufika kila chumba. Mradi uitwao Map Kibera Project, uliopima kijiji cha Kianda na kutumia vipimo hivyo kukadiria eneo zima, ulipata kati ya watu 235,000 na 270,000: juu ya hesabu ya serikali, lakini mbali sana na milioni. Sura hii haikusudii kuamua kesi hiyo. Nataka tuichukue 170,070 yenyewe, tuifungue, tuone ni nambari ya aina gani, inagawanyika vipi, na umbo lake linaweza kutuambia nini kuhusu namna ilivyopatikana. Nitatumia hesabu za darasa la sita tu, na kila istilahi nitaieleza inapojitokeza.

Kwanza, ukubwa wake

Kutamka 170,070 ni rahisi, kuiona ni kazi. Tuseme karani anaita jina moja kila sekunde, halali wala hapumziki. Atamaliza baada ya saa 47, dakika 14 na sekunde 30, yaani siku mbili kasoro dakika 45 na nusu. Kwa watu milioni moja, karani huyohuyo angehitaji zaidi ya siku 11 na nusu.

Chukua maji. Kila mtu akipata mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, watu 170,070 wanahitaji lita 3,401,400. Lori la maji la lita 10,000 litakwenda safari 341, ile ya mwisho ikiwa na lita 1,400 tu. Watu milioni moja wangehitaji safari 2,000. Anayepanga mabomba, vyoo au zahanati hawezi kuzichukulia nambari hizi mbili kama kitu kimoja, na ndiyo maana ubishi ule una uzito. Aliyepanga kwa milioni moja anaweza kukata tamaa kabla hajaanza, akisema tatizo halina mwisho. Aliyepanga kwa 170,070, ikiwa watu walirukwa, atawaacha wengine bila maji.

Kwa upande wa ukubwa, mtu mmoja habadilishi chochote. Ongeza mmoja, malori ni yaleyale 341. Lakini kila nambari kamili ina upande wa pili, nao ni muundo wake. Huko mtu mmoja hubadilisha kila kitu.

Kuivunja hadi isivunjike tena

Nambari *shufwa* ni ile inayogawanyika kwa 2 bila baki. Isiyogawanyika hivyo huitwa *witiri*. Tarakimu ya mwisho ya 170,070 ni sifuri, kwa hiyo ni shufwa. Sifuri hiyo inatuambia pia kwamba inagawanyika kwa 5, na kwa 10.

*Kigawo* cha nambari ni nambari nyingine inayoigawa bila kubakisha kitu. Ili kujua kama 3 ni kigawo, jumlisha tarakimu: 1 + 7 + 0 + 0 + 7 + 0 = 15. Kumi na tano inagawanyika kwa 3, basi 170,070 nayo inagawanyika kwa 3. Haigawanyiki kwa 9, kwa sababu 15 haigawanyiki kwa 9.

Tukiondoa 2, 3 na 5, tunabaki hivi:

170,070 ÷ 2 = 85,035
85,035 ÷ 3 = 28,345
28,345 ÷ 5 = 5,669

Je, 5,669 inavunjika? Hapa ndipo kazi ilipo. *Nambari tasa* ni nambari kubwa kuliko 1 ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Zinaanza na 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Ili kujua kama 5,669 ni tasa hatulazimiki kuijaribu kwa kila nambari iliyo chini yake. Ikiwa inavunjika katika vipande viwili, kipande kidogo hakiwezi kuzidi 75, kwa sababu 76 mara 76 ni 5,776, tayari imepita. Nambari tasa zilizo chini ya 76 ni 21. Nimezijaribu zote, kutoka 2 hadi 73, na kila moja inaacha baki. Kwa mfano, 7 inabakisha 6, 13 inabakisha 1, na 73 inabakisha 48. Kwa hiyo 5,669 ni tasa.

Orodha ya nambari tasa hupatikana kwa mbinu ya kale inayotajwa kwa jina la Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, Libya ya leo, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Andika nambari kutoka 2, futa mafungu yote ya 2 isipokuwa 2 yenyewe, kisha mafungu ya 3, kisha ya 5, na kuendelea. Zinazosalimika ndizo tasa. Mwanafunzi mwenye daftari la mistari anaweza kufika 100 kwa muda mfupi tu.

Karibu zaidi na kwetu, huko Ishango, mashariki mwa Kongo, kwenye ufuo wa Ziwa Edward, mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu mojawapo ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo nambari tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu hawakubaliani kama mchongaji alikusudia hivyo, nami sioni haja ya kulazimisha. Kinachonigusa ni kwamba mtu yule alikuwa anahesabu kitu, moja moja, na hakutaka kupoteza hata moja.

Basi jibu letu ni hili:

170,070 = 2 × 3 × 5 × 5,669

Hakuna njia nyingine ya kuijenga kwa nambari tasa. Anza na 5 au anza na 3, utaishia palepale. Kanuni hii ni ya nambari zote kamili zilizo kubwa kuliko 1: kila moja ina mjengo wake mmoja, na hakuna mbili zinazoshiriki mjengo.

Mjengo huu una kazi. Trei ya mayai ina mayai 30, na 30 ni 2 × 3 × 5. Ukitaka kumpa kila aliyehesabiwa Kibera yai moja, utanunua trei 5,669 kamili, na hakuna yai litakalobaki. Ukitaka kuwasafirisha kwa matatu za abiria 14, hesabu haikubali: matatu 12,147 zitajaa, na ya mwisho itaondoka na abiria 12. Sababu ni kwamba 14 ni 2 × 7, na 7 haimo kwenye mjengo wa 170,070.

Vigawo vyake vyote ni 16:

1, 2, 3, 5, 6, 10, 15, 30, 5,669, 11,338, 17,007, 28,345, 34,014, 56,690, 85,035 na 170,070.

Tazama pengo lililopo katikati ya orodha. Kutoka 30 tunaruka hadi 5,669. Kama ungetaka kuligawa eneo hili katika sehemu 40 zenye watu sawasawa, au 100, au 1,000, isingewezekana.

*Kwa ufupi:* 170,070 ni shufwa, si tasa, na imejengwa kwa nambari tasa nne tofauti, kila moja ikitumika mara moja. Tatu kati yake ni ndogo sana. Ya nne ni kubwa.

Nambari iliyohesabiwa na nambari iliyokisiwa

Sasa weka mjengo huo kando ya mijengo ya nambari nyingine zinazotajwa kuhusu mitaa yetu.

Zilizokisiwa:

- 1,000,000 ni 2 mara sita na 5 mara sita, zote zikizidishwa. Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote: 5.
- 700,000: kikubwa kuliko vyote ni 7.
- 1,200,000: kikubwa kuliko vyote ni 5.

Zilizohesabiwa:

- Kibera mwaka 2009, watu 170,070: kikubwa kuliko vyote ni 5,669.
- Kaunti ndogo ya Kibra mwaka 2019, watu 185,777 = 37 × 5,021. Kikubwa ni 5,021.
- Kaunti ndogo ya Dagoretti, iliyo na Kawangware, mwaka 2019, watu 434,208. Hii ni 2 mara tano, ikizidishwa kwa 3 na kwa 4,523. Kikubwa ni 4,523.

(Mipaka ya Kibra ya 2019 si ileile ya Kibera ya 2009, kwa hiyo usitoe moja kutoka kwa nyingine ukadhani umepata ongezeko la watu.)

Nambari iliyojengwa kwa vigawo tasa vidogo tu nitaiita *nambari laini*. Kadiri nambari zinavyokuwa kubwa, zilizo laini zinazidi kuwa adimu. Ukiokota nambari yoyote ya tarakimu sita bila kuchagua, mara nyingi utakuta imebeba kigawo tasa cha maelfu au zaidi. Watu hawazaliwi wala kuhamia mjini kwa mafungu ya kumi kumi, kwa hiyo hesabu ya kweli ya watu huangukia popote, na popote pengi si laini. Mtu anayekisia, kinyume chake, huvutwa na sifuri. Kila sifuri anayoiweka mwishoni inaingiza 2 moja na 5 moja kwenye mjengo, hadi nambari nzima inakuwa laini.

Ndiyo maana naamini umbo la nambari ni ushahidi wa namna ilivyotengenezwa. Milioni moja ya Kibera ilikuwa na alama ya kisio tangu mwanzo, na yeyote aliyeitazama angeweza kuiona kabla ya sensa. Hata hivyo ilinakiliwa katika ripoti baada ya ripoti kana kwamba kuna mtu aliyepita mlango kwa mlango.

Lakini ushahidi huu una mipaka, na ni lazima niiseme wazi. Kwanza, nambari isiyo laini si lazima iwe sahihi. Katika sensa hiyohiyo ya 2009 serikali ilikataa matokeo ya wilaya 8 za kaskazini: tatu za Turkana, tatu za Mandera, pamoja na Wajir East na Lagdera, ikisema ongezeko lililoonyeshwa halikuaminika. Matokeo hayo nayo yaliandikwa hadi mtu mmoja mmoja. Nambari inaweza kuwa na tarakimu zote na bado ikabishaniwa.

Pili, kitu kilichopimwa kwa makini kinaweza kuangukia kwenye nambari laini. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hatimiliki ya jamii ya ekari 288. Nambari hiyo ni 2 mara tano na 3 mara mbili: laini kabisa, ina vigawo 18. Ardhi waliyotengewa wazee wao enzi za ukoloni hutajwa kuwa ekari 4,197, ambayo ni 3 × 1,399, na 1,399 ni tasa. Hapo mjengo hausemi nani alipima vizuri. Kinachosema ni ukubwa: 288 ni chini ya sehemu moja ya 14 ya 4,197, na hilo ndilo linalopaswa kuzungumzwa.

Zidifu, pungufu au timilifu

Wanahisabati wa kale walikuwa na njia nyingine ya kupanga nambari. Nicomachus wa Gerasa, mji ulioko Jordan ya leo, aliieleza mnamo mwaka 100 baada ya Kristo. Chukua vigawo vyote vya nambari isipokuwa yenyewe, uvijumlishe. Jumla ikiwa sawa na nambari, hiyo ni *timilifu*. Jumla ikipungua, ni *pungufu*. Ikizidi, ni *zidifu*.

Mfano wa timilifu ni 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6. Inayofuata ni 28, kisha 496, kisha 8,128. Ni adimu kwelikweli.

Yetu je? Vigawo vya 170,070 ukiiacha yenyewe vina jumla ya 238,170, ambayo ni kubwa kuliko 170,070. Kwa hiyo ni zidifu. Haishangazi, kwa sababu kila fungu la 6 lililo kubwa kuliko 6 ni zidifu. 185,777 ya Kibra ni pungufu sana: vigawo vyake ukiiacha yenyewe ni 1, 37 na 5,021 tu, jumla 5,059.

Sifa hii haina faida kwa mpangaji wa mji, na sitajifanya kwamba inayo. Watu wameipenda kwa miaka elfu mbili kwa sababu inapendeza, na hiyo inatosha.

Vivyo hivyo kuna nambari za Harshad, jina lililotolewa na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali nchini India, aliyezaliwa 1905 na kufariki 1986. Alifundisha watoto mchana na kucheza na nambari maisha yake yote. Nambari ya Harshad ni ile inayogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Jumla ya tarakimu za 170,070 ni 15, na 170,070 ÷ 15 = 11,338 kamili. Basi nayo imo.

Si nambari mraba, yaani haipatikani kwa kuzidisha nambari kamili kwa yenyewe. Watu hawa wakipangwa kwenye uwanja safu 412 za watu 412, watatimia 169,744, na 326 watakosa nafasi.

Jirani zake wawili

Nilisema kwamba kwenye muundo mtu mmoja hubadilisha kila kitu. Tazama kinachotokea upande huu na upande ule wa nambari yetu.

170,069 = 19 × 8,951. Vigawo 4.
170,070 = 2 × 3 × 5 × 5,669. Vigawo 16.
170,071 = 11 × 15,461. Vigawo 4.

Tuseme usiku ule wa Agosti kungehesabiwa mtoto mmoja zaidi, aliyezaliwa dakika chache kabla ya usiku wa manane. Nambari ingekuwa 170,071. Shufwa ingegeuka witiri, zidifu ingegeuka pungufu, trei za mayai zisingetimia, na idadi ya vigawo ingepungua kwa 12. Badala yake ingezaliwa nambari inayosomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia: 1, 7, 0, 0, 7, 1. Nambari za namna hiyo zenye tarakimu zinazotimia jozi hugawanyika kwa 11 daima. Sababu ni rahisi. Kanuni ya 11 ni kutoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu: 1 − 7 + 0 − 0 + 7 − 1. Kila tarakimu inakutana na pacha wake mwenye alama ya kinyume, na jumla inakuwa sifuri.

Hakuna jedwali la serikali litakalotikisika kwa mtoto huyo mmoja. Ukubwa unamsamehe karani aliyemruka, muundo haumsamehe. Mimi niko upande wa muundo. Makosa madogo hayaepukiki katika sensa yoyote, lakini anayeanza kazi kwa kusema "mmoja si kitu" huishia kusema hivyo mtaa mzima.

*Kwa ufupi:* nambari zinazokaribiana kwa ukubwa hazikaribiani kwa sifa. Huwezi kujua vigawo vya nambari kwa kumtazama jirani yake.

Kanuni ya tisa, kwa msomaji wa magazeti

Hii ndiyo mbinu ninayoitumia mara nyingi kuliko zote katika sura hii, na ningependa kila mwenyekiti wa chama aijue. Wanahisabati wa India na wa Kiarabu waliitumia karne nyingi zilizopita kukagua hesabu ndefu.

Jumlisha tarakimu za nambari. Ukipata zaidi ya tarakimu moja, jumlisha tena, hadi ibaki moja. Hiyo ndiyo baki ya nambari ikigawanywa kwa 9, ila ukipata 9 yenyewe, baki ni sifuri. Inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzake wote hubakisha 1 tu zikigawanywa kwa 9.

Tuijaribu kwenye sensa ya 2019. Matokeo ya Kenya yalikuwa:

- Wanaume 23,548,056: tarakimu 33, kisha 6
- Wanawake 24,014,716: tarakimu 25, kisha 7
- Wenye jinsia mbili 1,524: tarakimu 12, kisha 3
- Jumla iliyotangazwa 47,564,296: tarakimu 43, kisha 7

Sasa 6 + 7 + 3 = 16, na 1 + 6 = 7. Inalingana na 7 ya jumla. Kama isingelingana, tungejua kwa hakika kwamba kuna tarakimu iliyokosewa mahali fulani. Ikilingana hatuna hakika kamili, kwa sababu kanuni hii haioni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 47,564,296 na 47,564,269 huonekana sawa mbele yake.

Ile ilikuwa sensa ya kwanza nchini kuwahesabu watu wenye jinsia mbili katika safu yao wenyewe. Bila wale 1,524, baki za wanaume na wanawake zingetoa 6 + 7 = 13, kisha 4, na hesabu isingefunga.

Nyumba za Soweto East

Nimeacha Soweto East hadi sasa kwa sababu hapo ndipo kugawa kunapohusu paa juu ya kichwa cha mtu. Kijiji hiki, upande wa Kibera unaopakana na Highrise na Mbagathi Way, ndicho kilichochaguliwa kuanzia mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP. Mnamo Septemba 2009, wiki chache tu baada ya sensa, familia za kwanza zilihamishiwa nyumba za muda Lang'ata: nyumba 600 katika majengo 17.

Mia sita inagawanyika kirahisi, ina vigawo 24. Lakini 17 ni tasa na haimo ndani yake: 17 × 35 = 595, zinabaki 5. Kwa hiyo bila kufika Lang'ata unajua kwamba majengo yale hayawezi yote kuwa na idadi moja ya nyumba.

Zoni A ya Soweto East ilikabidhiwa mwaka 2016 ikiwa na nyumba 822 katika majengo 21. Tena, 21 × 39 = 819, zinabaki 3, kwa hiyo majengo hayalingani. Nyumba zenyewe ni za aina tatu:

- vyumba vitatu: 144
- vyumba viwili: 570
- chumba kimoja: 108

*Kigawo kikubwa cha shirika* ni nambari kubwa kuliko zote inayogawa kila moja ya nambari ulizo nazo. Kwa hizi tatu ni 6: 144 = 6 × 24, 570 = 6 × 95, 108 = 6 × 18. Maana yake, nyumba zile zingeweza kupangwa katika makundi 6 yanayofanana kabisa, kila kundi likiwa na nyumba 24 za vyumba vitatu, 95 za vyumba viwili na 18 za chumba kimoja. Makundi 7 yanayofanana hayawezekani, wala 12. Kila kundi lingekuwa na nyumba 24 + 95 + 18 = 137, na 137 ni tasa. Ndiyo maana 822 = 2 × 3 × 137.

Kwa wakazi wanaokaa kikao kujadili mgao, hesabu hii ni kinga. Mtu akija na pendekezo la kugawa nyumba 822 sawasawa kwa makundi manne, mjibu palepale kwamba kila kundi litapata 205 na zitabaki 2. Akisema makundi 6, mwambie inawezekana, na hata aina za nyumba zitalingana.

Zoni B, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2022, imepangiwa nyumba 4,054. Ivunje: 4,054 = 2 × 2,027, na 2,027 ni tasa. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 2, 2,027 na 4,054. Hii ni nambari ngumu kugawa. Kwa makundi 3 inabaki nyumba 1. Kwa 4 zinabaki 2. Kwa 5 zinabaki 4. Kwa 7 inabaki 1. Isipokuwa ukigawa kwa makundi mawili tu, mgao wowote wa haki katika makundi machache utaacha nyumba mkononi mwa mtu. Nani atazipata hizo ni jambo la kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla funguo hazijatolewa, kwa sababu baki inajulikana leo.